Shule za lugha Malindi: Cheti kisichotambulika hakimfikishi mtu mbali

Mgeni anayezuru Malindi kwa mara ya kwanza huenda akadhani amepotea njia. Katika Barabara ya Lamu, mikahawa imetundika mabango ya Kiitaliano, wachuuzi wa vinyago hupatana bei kwa Kiitaliano, na mtoto anayeuza njugu ufukoni hujua kusema "ciao" kabla hajajua kuandika jina lake.

Hayo si mambo ya jana. Waitaliano walianza kuonekana kwa wingi sehemu hii katika miaka ya 1960, nchi yao ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa mji. Setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa hilo la San Marco ilirushwa Aprili 1967. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii wakaja wenye hoteli na majumba ya kifahari.

Vijana wa Malindi na Watamu wakaipata lugha hiyo bila daftari wala mwalimu. Mtwapa na Kilifi, wenzao wakakiokota Kijerumani vivyo hivyo. Sitaki kuwabeza hata kidogo, kwani wapo waliolisha na kusomesha jamaa zao kwa lugha waliyoipatia mchangani, na wengi wao huizungumza vizuri kuliko mtu aliyekaa darasani miaka miwili.

Tatizo ni kwamba siku hizi kusema tu hakutoshi. Tangu Agosti 2007, Ujerumani humtaka mume au mke anayekwenda kuishi na mwenzake huko aonyeshe kwamba anajua Kijerumani cha mwanzo, yaani kiwango cha A1, isipokuwa wale waliosamehewa na sheria. Italia nayo, tangu Desemba 2018, humtaka anayeomba uraia kwa njia ya ndoa awe na Kiitaliano cha kiwango cha B1. Kisha Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa kuwawezesha Wakenya wenye ujuzi kwenda kufanya kazi huko. Muuguzi anayetaka kutambuliwa kikazi Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2.

Viwango hivyo, kuanzia A1 hadi C2, vilitangazwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na sasa vinatumiwa kupimia lugha karibu kila mahali. Mahitaji hayo ndiyo yanayomfanya mtu mwenye chumba kimoja, ubao na viti kumi aweze kutundika bango, kuandika "A1 hadi B2" na kuanza kupokea karo. Mzazi huuza mbuzi au kuchukua mkopo katika chama, mtoto husoma miezi mitatu, hupewa cheti chenye muhuri mwekundu, na anapokifikisha ubalozini huambiwa hakitambuliki.

Kibali cha biashara si ithibati

Ithibati ni ushahidi kwamba shule imekaguliwa na chombo chenye mamlaka, ikaonekana ina walimu wanaofaa, mtaala, vifaa na mahali panapofaa kufundishia. Hapa kwetu, chini ya sheria ya mwaka 2013, vyuo vya mafunzo ya kiufundi na ya kazi husajiliwa na kupewa ithibati na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, maarufu kama TVETA. Mtu haruhusiwi kuendesha chuo cha namna hiyo bila idhini hiyo.

Wengi hudanganyika hapa. Karatasi iliyotundikwa ukutani huenda ikawa kibali cha biashara kutoka kwa serikali ya Kaunti ya Kilifi. Kibali hicho hupewa pia kinyozi na muuza samaki. Hakisemi lolote kuhusu ubora wa masomo. Tena chuo chaweza kuwa kimesajiliwa kufundisha ususi au upishi, nacho kikaongeza Kijerumani juu yake bila kuulizwa na mtu.

Jambo la pili ni kwamba ithibati ya shule na mtihani unaotambuliwa ni vitu viwili mbalimbali. Kwa Kijerumani, vyeti vinavyokubaliwa hutoka kwa watahini kama Goethe-Institut, telc na ÖSD. Kwa uraia wa Italia, vyombo vinavyotambuliwa ni Vyuo Vikuu vya Siena na Perugia vya wageni, Chuo Kikuu cha Roma Tre na Chama cha Dante Alighieri. Shule yenye heshima humwambia mwanafunzi waziwazi siku ya kwanza: sisi tunakuandaa, mtihani utaufanyia kule. Kwa hivyo hata yule kijana wa ufukoni aweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa nje na kuufanya.

Shule yafaidi nini?

Wenye shule hulalamika kwamba ithibati ni gharama na mlima wa karatasi. Ni kweli. Lakini ukaguzi humlazimisha mwenye shule kufanya mambo ambayo angeyaahirisha kila mwaka: kumpima mwanafunzi kabla ya kumweka darasani, kuweka kumbukumbu za mahudhurio, kuajiri mwalimu aliyesomea ualimu, kuandika jinsi karo inavyorudishwa masomo yakivunjika. Mwanafunzi wa Garsen au Voi asiyemjua mwalimu hata kwa sura hupata sababu ya kupanda matatu kuja Malindi. Hoteli nayo hupata mahali pa kupeleka wapokezi wake wakanolewe.

Uingereza ilionyesha upande wa pili wa jambo hili. Kuanzia mwaka 2009 serikali ya huko iliamua kwamba chuo kisicho na leseni na ithibati hakitaleta wanafunzi wa kigeni. Mamia ya vyuo vilipoteza nafasi hiyo, na wanafunzi waliokuwa wamekwisha kulipa, wengine wakitoka Afrika, wakabaki wakihangaika kutafuta vyuo vingine.

Kwa maoni yangu, ukaguzi usije ukawafukuza darasani wale mabingwa wa ufukoni. Wafunzwe ualimu, wapewe mtihani wa lugha, wafundishe mazungumzo, huku sarufi ikishikwa na aliyeisomea. Shule yenye mchanganyiko huo ingewatoa jasho hata washindani wa Nairobi.

Kabla hujatoa shilingi, mzazi, omba kuona cheti cha usajili na uchunguze kama lugha imo miongoni mwa kozi zilizoruhusiwa. Uliza mtihani utafanywa na nani na wapi. Kisha piga hesabu. Goethe-Institut hukadiria kwamba kufikia B2 huchukua vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Anayesoma vipindi vinne kwa siku, siku tano kwa wiki, bila kukosa, atahitaji wiki 30 kufikia hivyo 600 vya chini kabisa. Bango likikuahidi B2 kwa miezi mitatu, muulize mwenyewe hizo wiki nyingine amezipeleka wapi.