Malkia Aliyetawala Baada ya Mauti

Wayunani wa kale walituachia hekaya nyingi juu ya Waamazoni, kaumu ya wanawake waliokaa kando ya mto Thermodon, karibu na Bahari Nyeusi, wakipanda farasi, wakivuta pinde na kukataa kutawaliwa na wanaume. Naye Herodotus, katika tarikhi yake, akasimulia kwamba miongoni mwa Wasauromati, waliohesabiwa kuwa kizazi chao, binti hakuolewa mpaka awe ameua adui vitani. Walakini anayezisoma hekaya hizo kwa makini huona huzuni iliyomo ndani yake: Hippolyta anauawa na Heracles kwa ajili ya mshipi, Penthesilea anauawa na Achilles mbele ya kuta za Troya, na jeshi lao lililofika Athens linarudishwa nyuma na Theseus. Shujaa wa kike anatukuzwa ili aliyemshinda azidi kutukuka.

Nchi yetu ya Karagwe ina hekaya iliyoshika njia nyingine kabisa. Yako masimulizi yasemayo kwamba Nyabingi alikuwa malkia wa Karagwe, mwenye nguvu na mali, akauawa na mtawala wa kiume aliyeitamani enzi yake. Wengine humweka Ndorwa au Mpororo, ng'ambo ya mto Kagera, na sioni ajabu nchi zikigombania fahari kama hiyo. Lililo kubwa ni lile lililofuata. Roho yake, waliamini watu, iliwapanda watu iliowachagua, wake kwa waume, walioitwa bagirwa. Nao wakanena kwa ulimi wake, wakapokea sadaka za mifugo na pombe, wakaponya, wakatisha, wakaamuru, hata wakuu wenye ngoma na mikuki wakawacha. Kwa Wayunani mauti ya shujaa wa kike yalifunga kisa. Huku kwetu ndiyo yaliyokifungua.

Basi Wazungu walipoingia, walikuta mamlaka wasiyoweza kuyapiga kwa mzinga. Mwaka 1908 Wadachi walimkamata Muhumuza, mwanamke wa Nyabingi aliyejulikana kuwa mjane wa Mwami Rwabugiri wa Rwanda, wakamweka kizuizini Bukoba, katika mkoa wetu huu huu wa Kagera. Alipoachiliwa alivuka kwenda Kigezi, nchini Uganda, na mwaka 1911 akatangaza kwamba atawafukuza Wazungu nchini, ilhali wafuasi wake wakiamini kuwa risasi zitageuka maji. Waingereza wakamshambulia katika kilima cha Ihanga. Wengi waliomfuata walikufa, yeye akajeruhiwa mguu, akapelekwa Kampala, na huko akazuiliwa hadi alipofariki mwaka 1945. Miaka zaidi ya thelathini! Mfungwa asiyeogopwa halindwi muda wote huo.

Serikali ya Uganda ilitunga mwaka 1912 sheria ya uchawi, ambayo bagirwa walishitakiwa kwayo, kana kwamba imani iliyowakusanya maelfu ni hirizi ya mtu mmoja. Haikufaa kitu: mwaka 1917 watu wa Nyakishenyi waliasi, wakichochewa na Kaigirirwa, mwanamke mwingine wa Nyabingi. Baadaye jina lenyewe likavuka bahari mpaka Jamaika, ambako Warasta huliita Nyabingi kusanyiko lao la ibada, pamoja na ngoma zinazopigwa humo.