Udaktari wa Familia Nchini Uingereza na Ujio wa Akili Mnemba

Daktari wa familia amebobea katika jambo ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa ubingwa: kumpokea mtu yeyote, wa umri wowote na mwenye lalamiko lolote, kabla haijajulikana kama ugonjwa upo au haupo, na kuendelea kumhudumia kwa miaka mingi. Katika Afrika Mashariki, ambako anayeitwa bingwa huwa ni mtaalamu wa moyo, wa mifupa au wa upasuaji, fani hii ingali changa. Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, kilianza kuwafunza madaktari wa aina hii mwaka 2005, na mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwapeleka madaktari 50 nchini Kuba kusomea fani hiyohiyo. Nchini Uingereza hali ni tofauti kabisa, kwa kuwa tangu Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanzishwa tarehe 5 Julai 1948, wananchi husajiliwa katika kliniki ya eneo lao, na asiye na dharura kwa kawaida hamwoni bingwa wa hospitali mpaka apewe rufaa na daktari wake wa familia.

Kazi hiyo imebebwa kwa sehemu kubwa na wageni. Madaktari kutoka India na Pakistan walishika kliniki ambazo wenyeji hawakuzigombania, katika mabonde ya migodi ya makaa ya mawe ya Wales na katika mitaa ya wafanyakazi wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, na baadaye wakaungwa mkono na madaktari waliokuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba migodi cha Glyncorrwg, aliandika mwaka 1971 katika jarida la The Lancet kwamba huduma bora huelekea kuwa haba pale hasa inapohitajika zaidi. Ni haki kusema kwamba waliokwenda kuziba pengo hilo, kwa kiasi kikubwa, ni watu waliozaliwa mbali na Uingereza, na sifa waliyopewa haijawahi kulingana na mzigo walioubeba.

Njia ya daktari aliyesomea nje ni ndefu, na huanzia katika Baraza Kuu la Madaktari, chombo cha usajili kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1858. Baraza hilo hutaka ithibati ya Kiingereza, ambayo katika mtihani wa IELTS ni wastani wa alama 7.5, kisha, kwa wengi, mtihani wa PLAB wenye sehemu mbili: ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua jibu yanayofanywa kwa saa tatu, na ya pili, inayofanyika Manchester, humpitisha mtahiniwa katika vituo 16 vyenye wagonjwa wa kuigiza. Baada ya usajili, daktari huthibitishiwa na bingwa aliyefanya naye kazi kwamba yuko tayari kwa mafunzo ya ubingwa, hushindania nafasi kwa mtihani mwingine, na akiipata hufunzwa kwa miaka mitatu, akigawana muda wake kati ya wodi za hospitali na kliniki ya mtaani. Ushindani huo unazidi kuwa mkali, maana katika mpango wake wa afya wa miaka kumi uliotolewa Julai 2025, serikali ya Uingereza iliahidi kuwatanguliza wahitimu wa vyuo vyake yenyewe. Kwa upande wa pili, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi ambazo waajiri wa nje hawapaswi kwenda kuchota wahudumu, ingawa daktari mmoja mmoja hazuiwi kuomba kazi kwa hiari yake.

Mwisho wa mafunzo unahitaji kufuzu uanachama wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia, kilichoanzishwa mwaka 1952, na hapa ndipo ugumu wa fani unapoonekana wazi. Sehemu moja ya tathmini hiyo, inayofanywa kwa njia ya video, humpa mtahiniwa wagonjwa 12 wa kuigiza, kila mmoja kwa dakika 12. Mgonjwa akisema tu kwamba amechoka, haitoshi kumwandikia kipimo cha damu. Sharti daktari agundue mgonjwa mwenyewe anadhani ana nini, anahofia nini na alikuja akitarajia nini, kisha wakubaliane hatua inayofuata, na amweleze bayana dalili zipi zikitokea arudi haraka. Daktari aliyelelewa katika mfumo ambao mganga huamua na mgonjwa hutii, mara nyingi akiwa na foleni ya watu themanini nje ya mlango, huliona jambo hili kuwa geni kuliko ugonjwa wowote wa vitabuni. Mtihani uliotangulia huu ulifikishwa mahakamani, kwa sababu waliosomea nje na wasio Wazungu walikuwa wakifeli kwa wingi kuliko wenzao. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtihani haukuvunja sheria, lakini jaji akakiri kwamba walalamikaji walikuwa wamepata ushindi wa kimaadili. Tofauti za ufaulu hazijaisha hadi leo, na kuzinyamazia ni kuwaonea watu ambao nchi hiyo inawategemea.

Katika fani inayojengwa juu ya mazungumzo ndipo akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na data nyingi na kutoa majibu yanayofanana na ya binadamu, inapoingia sasa. Kampuni ya Babylon ilitangaza mwaka 2018 kwamba programu yake ilipata asilimia 81 katika maswali yaliyofanana na ya mtihani wa madaktari wa familia, dai ambalo Chuo cha Kifalme kililipinga, na tawi lake nchini Rwanda lilisajili watu zaidi ya milioni 2 waliohudumiwa kwa simu. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilianguka kifedha na huduma ya Rwanda ikafungwa, hivyo watu hao wakapoteza kwa pamoja mlango waliokuwa wameuzoea.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka Nairobi. Katika kliniki 15 za Penda Health, ambako wagonjwa wengi huhudumiwa na matabibu wasio na shahada ya udaktari, kulijaribiwa programu iliyoundwa pamoja na kampuni ya OpenAI, inayosoma kumbukumbu wakati tabibu anaziandika na kuwasha rangi ya kijani, njano au nyekundu kulingana na uzito wa kosa inalolishuku. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025, yaliyohusu ziara 39,849 za wagonjwa, yalionyesha kwamba makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13, ingawa haikuonekana tofauti ya uhakika katika wagonjwa kujisikia nafuu. La kuzingatia ni kwamba programu haikuzaa matunda kwa kuwekwa tu kwenye kompyuta. Matabibu walihitaji kufundishwa, kufuatiliwa na kuhimizwa na wenzao ndipo waache kuipuuza rangi nyekundu.

Nchini Uingereza kinachoenea kwa kasi ni programu inayosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa na kuyaandika kama kumbukumbu za matibabu. Faida yake ni ya kweli, kwa sababu daktari humtazama mgonjwa badala ya kibodi. Hata hivyo programu hizo zinaweza kuandika kwamba mapafu yalipimwa wakati hayakuguswa, wala haziandiki kwamba mama alipoulizwa kuhusu mambo ya nyumbani alinyamaza na kumtazama mumewe. Anayeidhinisha kumbukumbu hizo ndiye anayewajibika mbele ya Baraza Kuu la Madaktari, kwa hiyo kila mstari unahitaji kusomwa.

Jambo la thamani kuu katika fani hii, nalo ndilo lisilozungumzwa sana panapotajwa mashine, ni kujuana kwa muda mrefu. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za mamilioni ya watu, ulionyesha kwamba waliokuwa na daktari mmoja wa familia kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki, kwa takriban asilimia 25, kuliko waliokuwa naye kwa mwaka mmoja tu. Ikiwa akili mnemba itaokoa dakika mbili katika miadi ya dakika kumi, wenye kliniki na serikali ndio watakaoamua kama dakika hizo apewe mgonjwa aliyekaa kitini au aingizwe mwingine, na kwa jinsi foleni zilivyo, shinikizo la kuingiza mwingine ni kubwa. Mwanafunzi wa fani hii, hasa mgeni ambaye bado anajifunza jinsi wenyeji wanavyoeleza maumivu yao, ana hatari ya ziada: kuandika muhtasari wa mgonjwa ndiyo njia ya zamani ya kujifunza kufikiri, na anayepokea muhtasari ulio tayari huenda asipate nafasi hiyo kamwe. Kwa hiyo walimu wa kliniki wana sababu nzuri ya kumtaka mwanafunzi aandike kwanza kwa maneno yake kile anachodhani kinamsumbua mgonjwa na anachokihofia, ndipo afungue kile kilichoandikwa na mashine na kulinganisha.