Kompyuta ya michezo: Kijue kinachochelewesha kabla ya kununua

Vijana wengi wanaoanza kujiundia kompyuta ya michezo hufanya kosa moja. Hununua kwanza kadi ya picha yenye nguvu kuliko zote wanazozimudu, na baadaye ndipo huuliza iwapo mashine yao inaweza kuibeba. Matokeo yake, akiba ya miezi kadhaa hutumika na mchezo huendelea kukwama vile vile.

Sababu ni kwamba vifaa vya kompyuta hufanya kazi kwa kutegemeana. Prosesa hupiga hesabu za mchezo, kadi ya picha huchora kila taswira, memori huweka karibu data zinazohitajika wakati huo, nayo diski huhifadhi mchezo wenyewe. Kifaa kimoja kikiwa nyuma, vingine vyote hulazimika kukisubiri.

Uchunguzi usio na gharama

Kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha kazi ya kila kifaa. Dirisha hilo litazamwe mchezo ukiwa unaendelea. Memori ikikaribia kujaa, hiyo ndiyo ya kuongezwa. Gigabaiti 16 ni kiwango kizuri cha kuanzia. Mchezo ukichukua muda mrefu kufunguka kutoka kwenye diski ya zamani inayozunguka, diski ya SSD italeta nafuu kubwa.

Kuchagua kati ya prosesa na kadi ya picha kuna jaribio lake. Mchezaji aondoe kikomo cha taswira kwa sekunde, kisha apunguze ukubwa wa picha katika mipangilio ya mchezo. Kasi ikipanda sana, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imelemewa. Kasi isipobadilika, huenda prosesa ndiyo iliyo nyuma, na kadi mpya haitasaidia sana.

Aidha, yapo makosa yanayorekebishwa bila kununua chochote. Waya wa skrini unapaswa kuchomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao mama. Skrini ya hezi 144 yaweza kubaki kwenye hezi 60 hadi mwenyewe abadilishe mipangilio ya Windows.

Vifaa vinavyopatana

Baada ya uchunguzi, hatua inayofuata ni kusoma jina la ubao mama, kwa kuwa ndio unaoamua kipi kitaingia. Memori ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5. Prosesa za AMD za soketi ya AM4, iliyoanza kutumika mwaka 2016, haziingii katika soketi ya AM5 ya mwaka 2022, ambayo hutumia memori ya DDR5 pekee.

Hata hivyo, ubao wa zamani si lazima utupwe. Prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, iliyotoka mwaka 2022, hufanya kazi katika mbao nyingi za AM4 baada ya BIOS kusasishwa. Anayefuata njia hiyo hubaki na memori yake ya zamani. Hilo si jambo dogo, kwani bei za memori zilipanda kwa kasi mwishoni mwa mwaka 2025, wakati vituo vya data vya akili mnemba vilipoongeza mahitaji.

Umeme si wa kubahatisha

Kifaa kinachodharauliwa zaidi ni pawasaplai. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75, na waya wa pini nane huongeza hadi wati 150. Zaidi ya hapo kadi huhitaji waya mwingine. Kompyuta inayozimika ghafla mchezo unapopamba moto mara nyingi huwa imekosa umeme wa kutosha. Wahenga walisema rahisi ghali: pawasaplai duni ikiharibika, yaweza kuunguza na vifaa vingine.

Wanaotuma vifaa nyumbani kutoka Marekani wanahitaji tahadhari zaidi. Marekani hutumia umeme wa volti 120, ilhali Uingereza, Oman na Afrika Mashariki hutumia kati ya volti 230 na 240. Pawasaplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe, lakini baadhi za zamani zina swichi ndogo nyuma. Ikichomekwa Mombasa au Dar es Salaam swichi ikiwa bado kwenye 115, huungua papo hapo.

Vilevile, waya za pawasaplai moja zisihamishiwe kwenye nyingine hata kama zinaingia, maana mpangilio wa pini waweza kutofautiana. Na pawasaplai yenyewe isifunguliwe kamwe. Ndani yake hubaki umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Siku ya kuunganisha

Kazi ifanyike mezani, si kwenye zulia, umeme ukiwa umechomolewa. Fundi aguse chuma cha kasha mara kwa mara ili kuondoa umeme tuli mwilini. Prosesa haisukumwi: alama ya pembetatu ikilingana na ile ya soketi, huketi yenyewe. Plastiki iliyo chini ya kipoza joto ibanduliwe kabla ya kukifunga.

Anayefuata utaratibu huu huenda akatumia jioni nzima kuchunguza kabla ya kwenda dukani. Baadhi yao watagundua kwamba kilichohitajika ni kuhamisha waya mmoja wa skrini, na akiba yao itabaki salama.