Umeme Mwilini (2): Swichi Ndani ya Kiatu

Wiki iliyopita tulimwacha Scribonius Largus, tabibu wa Roma wa karne ya 1, akiwaambia wenye jongo wasimame ufukweni penye maji na kumkanyaga samaki wa jamii ya taa, yule apigaye shoti, mpaka ganzi ipande magotini.

Maelezo ya kitaalamu ya jinsi umeme unavyotuliza maumivu yalichelewa mno. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walisema kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Nyuzi nene za neva, zinazobeba habari za mguso, zikichangamka, lango hujifunga na maumivu yakabaki nje. Ndiyo maana mtu akijikwaa hukimbilia kusugua kidole. Umeme hafifu nao huzichangamsha nyuzi hizo: Wall na mwenzake William Sweet walijidunga sindano za umeme nyusoni mwao wenyewe kabla ya kuwagusa wagonjwa. Leo kazi hiyo hufanywa na kijimashine cha kushika mkononi chenye vibandiko viwili, na mgonjwa husikia kama siafu wanamtembea. Nafuu ipo kwa baadhi ya watu, ila aghalabu ni ya muda. Mwenye betri ya moyo asikiguse bila idhini ya daktari.

Kilichonivutia zaidi ni kiatu cha Wladimir Liberson, Marekani, 1961. Baada ya kiharusi, wengi hubaki na mguu unaoburuta: vidole vinakwaruza sakafu kila hatua. Liberson alificha swichi kisiginoni. Kisigino kikiinuka, umeme huipiga neva inayopita nje kidogo chini ya goti, na mguu hunyanyua vidole. Kisigino kikitua, umeme hukatika. Baadhi ya wagonjwa waliendelea kuinua mguu kwa muda hata mashine ilipozimwa!

Mbona basi kiatu hicho hakimfai aliyepoozwa na polio? Fikiria mtaa uliokosa umeme. Kiharusi huunguza transfoma, yaani ubongo, lakini waya wa kwenda nyumbani, yaani neva iendayo kwenye msuli, ni mzima, hivyo jenereta inaweza kuunganishwa hapo. Polio huua chembe za neva ndani ya uti wa mgongo, na waya wenyewe ukafa nazo.

Wiki ijayo tutakuwa Lausanne, Uswisi, ambako mwaka 2018 Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch waliupeleka umeme kwenye uti wa mgongo wenyewe, na wanaume watatu waliopooza wakapiga hatua.