Jiwe jeusi la Erongo haliuzwe kwa kilo

Sisi wachimbaji wa Katanga tunauliza kwanza: kilo ngapi, shaba asilimia ngapi? Kule Namibia, kwenye milima ya Erongo, wenzetu wanatoa turmalini nyeusi ndani ya matundu ya graniti. Kiwanda hakiitaki. Anayeilipa ni mukusanyaji wa mawe, zaidi ikiwa imevaa opali, ngozi nyembamba kama matone ya maji. Ukiimulika gizani na taa ya ultraviole inawaka kijani, sababu ya uraniumu kidogo sana iliyomo. Lakini opali ni laini kuliko turmalini: nyundo ikigusa, ngozi inabanduka, bei inaanguka. Karibu na Spitzkoppe wachimbaji wako na soko lao kando ya barabara.

Na sisi je? Malakiti ya Kolwezi iko katika makumbusho ya Ulaya, na huku kwenye depo ile nzuri inatupwa mufukoni pamoja na ingine, inapimwa, basi. Ndugu, ukikuta jiwe zima lenye umbo, usilipige. Lifunge na kitambaa, uliza bei kwa watu wawili watatu. Lile la kijani la Musonoi lenye sindano-sindano, kuprosklodowskiti, ni la uraniumu hasa: wakusanyaji wanalitafuta, lakini usililaze nyumbani penye watoto.