Tone jekundu chini ya Land Cruiser

Ukikuta tone jekundu sakafuni, upande wa dereva, jirani na gurudumu la mbele, usianze kuulizia bei ya boksi la stelingi. Anza na kitambaa. Osha boksi lote kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, lifute likauke, kisha washa injini. Mtu mmoja azungushe usukani kulia na kushoto, mwingine aangalie kwa tochi. Mafuta ya stelingi ni laghai. Yanaweza kutoka juu, kwenye maungio ya mpira wa presha, yakateremka ubavuni mwa boksi na kwenda kudondokea chini kabisa, kwenye ncha ya mkono wa boksi. Ukilitazama tone peke yake utaapa kwamba sili ya chini imekufa.

Land Cruiser za zamani zimejaa kwetu. Toleo la 80 liliingia sokoni mwaka 1990, na la 70, lililozaliwa 1984, linaundwa mpaka leo. Nyingi zilizoko mikononi mwa watu binafsi zilianzia kazi kwenye hospitali, misheni au kampuni ya utalii, zikapigishwa makorongo miaka nenda rudi kabla ya kuuzwa kwa mnada. Si ajabu boksi likaanza kuvuja. Kinachoshangaza ni jinsi tunavyoharakisha kulitupa.

Ndani ya boksi mambo hayajajificha sana. Usukani huzungusha shafti yenye mikunjo kama ya skrubu, na juu ya shafti hiyo hupanda na kushuka pistoni ya chuma. Kati ya viwili hivyo zinapita gololi, zinazunguka kwenye mfereji wake na kurudi zilikotoka, ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi bila kukwaruza. Ubavuni mwa pistoni kuna meno yanayoshika meno ya shafti nyingine, nene, inayotokeza chini ya boksi. Hapo ndipo unapofungwa mkono unaosukuma fimbo za kuelekea magurudumuni. Nguvu ya ziada inatoka kwa pampu, na ukikunja usukani hadi mwisho, presha ndani ya boksi inaweza kupita bar 70. Tairi lako lina bar mbili na kitu. Kazi yote ya kuizuia presha hiyo isitokee chini imeachiwa mpira mwembamba unaozunguka ile shafti nene.

Mpira huo hukauka kwa joto na uzee, na hapo dawa ni sili mpya tu. Lakini barabara zetu zina mchango wake. Kifuniko cha vumbi kikipasuka, tope na mchanga hupenya hadi kwenye shafti, kutu inashika, na mdomo wa sili unageuka msasa. Mkono ukishatolewa, pitisha ukucha kwenye shafti mahali sili inapokalia. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itashika wiki chache kisha irudie uvujaji wake. Kipimo kingine hufanywa hata kabla ya kufungua kitu: shika mkono wa boksi uutikise kwa ubavu. Shafti ikicheza kwenda na kurudi pembeni, beringi zake zimeisha, na hakuna sili duniani inayoweza kuziba kitu kinachoyumba.

Kwa hiyo shafti safi isiyocheza, nunua sili. Shafti iliyolika au inayocheza, tafuta boksi. Hapa safari ya Gerezani, Dar es Salaam, inaanza, au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, au Kisekka kwa wa Kampala.

Utaoneshwa maboksi yamepangwa sakafuni, mengine yamepigwa rangi ya fedha, na utaambiwa, "Hili zima bosi, limetoka Dubai juzi tu." Kutoka Dubai si sifa wala si kasoro, ila kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Emarati wanaendesha kulia mwa barabara, kwa hiyo magari yao usukani uko kushoto. Magari yaliyochinjwa kule yanachanganyika na mabaki yaliyoletwa kutoka Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Boksi la usukani wa kushoto linafanana na lako kama pacha, lakini limeundwa kukaa upande wa pili wa chasisi. Kwa mwenye gari Bujumbura au Kigali, wanakoendesha kulia, hilo ndilo analolitaka. Kwa mtu wa Morogoro ni chuma cha kushikia mlango. Nenda na boksi lako la zamani, yaweke sambamba, uhakikishe matundu ya bolti, midomo ya mipira na upande shafti inakotokea.

Na sasa lile ninalolishikilia kuliko mengine: boksi la mtumba lisipande garini kabla ya kubadilishwa sili zote. Mafundi wengi watakwambia likikauka vizuri ni zima. Lakini limekauka kwa sababu halina mafuta! Limekaa kontena, likakaa sakafuni dukani, mipira imekauka juu ya umri iliyokuwa nao tayari. Siku litakapopokea presha ndipo litasema ukweli, na wakati huo litakuwa limeshafungwa. Seti ya sili haifikii hata robo ya usumbufu wa kuteremsha boksi mara mbili.

Kuteremsha kwenyewe kunahitaji subira zaidi ya nguvu. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Weka alama ya sentapanchi kwenye mkono na kwenye shafti kabla ya kuvitenganisha. Mkono huo umebana kwa miaka, na kishawishi cha kuchukua nyundo ni kikubwa. Kinachotakiwa ni pula, kile chuma chenye kucha na skrubu katikati. Ukiipiga shafti kwa ncha, kishindo chote kinaishia kwenye meno na beringi za ndani. Usukani nao ufungwe usizunguke ukiwa umeachanishwa na boksi, hasa kama gari lina mfuko wa hewa, kwa sababu waya uliojiviringisha nyuma yake hukatika. Boksi likishatoka, safisha chasisi lilipokalia na uikague kwa tochi kama haina ufa.

Boksi jipya lifungwe likiwa katikati: lizungushe toka mwisho mmoja hadi wa pili ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu yake. Katikati ndipo meno yanaposhikana kwa kubana zaidi. Usukani ukikaa upande baada ya kazi, fundi mvivu huung'oa na kuunyoosha. Gari litakwenda, ila boksi litakuwa linafanya kazi nje ya katikati yake, na usukani utacheza kwenye barabara iliyonyooka. Rekebisha kwa ile fimbo inayotoka kwenye mkono. Skrubu iliyo juu ya boksi nayo iogope. Ikikazwa kupita kiasi, usukani unakuwa mgumu katikati na haurudi wenyewe baada ya kona.

Mafuta ni ATF ya Dexron, yale mekundu. Mafuta ya breki hapana kabisa, yanavimbisha mipira ya sili mpaka iharibike. Kabla ya kujaza, osha chupa na usukume nje mafuta ya zamani kwa mpira wa kurudishia, kwa sababu unga wa chuma wa boksi lililokufa umo humo. Kutoa upepo kunafanywa magurudumu ya mbele yakiwa juu na injini imezimwa: zungusha usukani taratibu hadi mwisho huku na huku, jaza, rudia. Ukishawasha, povu na mlio wa pampu vitaisha polepole. Usiukalishe usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache.

Boksi la zamani usiliache gereji. Kama shafti yake imelika lakini kasha lake ni zima, ni akiba ya spea. Na ukiliacha, litapigwa rangi ya fedha, nalo litakuwa limetoka Dubai juzi.