Kisu cha kukunja: Cha Uswisi au cha Ufaransa, kipi kinaifaa familia yako?

KISU cha kukunja ni kitu kidogo, lakini katika familia nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju kina kazi kutwa nzima. Baba anachunia waya wa taa, mama anafungulia mfuko wa mchele, kijana anayejifunza ufundi anakatia mpira wa maji.

Vile vya bei poa hukata vizuri wiki za mwanzo, kisha kiungio kinalegea, na kisu kilicholegea kinaweza kujikunja kikiwa mkononi. Ndiyo maana wapo wazazi wanaoamua kutoa fedha zaidi mara moja, wapate kisu cha kudumu. Majina mawili yanayojulikana duniani ni Victorinox ya Uswisi na Opinel ya Ufaransa.

Vilikotoka

Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Mwaka 1891 alianza kuliuzia jeshi la nchi yake visu, na mwaka 1897 akasajili kile chenye vifaa vingi ndani ya mpini mmoja. Jina la Victorinox limetokana na Victoria, jina la mama yake, na neno “inox”, yaani chuma kisichoshika kutu.

Opinel ilianza mwaka 1890 katika eneo la Savoie, ambako Joseph Opinel alikuwa mtoto wa mhunzi. Kilikuwa kisu cha wakulima: ubapa mmoja, mpini wa mbao, basi. Mwaka 1897 visu hivyo vilipangwa kwa ukubwa, namba 1 hadi 12.

Kazi zake

Tuchukue Spartan ya Victorinox na Opinel namba 8. Spartan ina urefu wa milimita 91 ikiwa imekunjwa. Ndani yake mna bapa mbili, kifungulio cha kopo, kifungulio cha soda, bisibisi, kizibuo, chuma cha kutobolea, kibano na kijiti cha meno. Kwa fundi wa umeme au dereva wa bodaboda, hilo ni sanduku dogo la vifaa.

Opinel namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na haina kingine. Lakini ubapa wake ni mwembamba, unamenya chungwa na kukata nyanya kuliko Spartan, na mpini wake wa mviringo unajaa vizuri mkononi.

Tofauti iliyo kubwa

Mzazi aangalie hapa kwanza. Ubapa wa Spartan unashikiliwa na springi tu, hauna loki. Ukikata kwa kuvuta hakuna tatizo. Ukisukuma ncha kwa nguvu, mfano kutoboa galoni la plastiki, ubapa unaweza kurudi na kuangukia vidole.

Tangu mwaka 1955 visu vya Opinel vina pete ya chuma shingoni, kuanzia namba 6 kwenda juu. Ukiizungusha, ubapa unabaki wazi, haurudi mpaka uizungushe tena. Kwa mtu anayejifunza, pete hiyo ina thamani kuliko vifaa vyote vya Spartan. Victorinox nayo ina visu vyenye loki, vikiwamo vikubwa zaidi vya milimita 111.

Joto na chumvi ya Dar

Hewa ya pwani haina huruma na chuma. Opinel huuzwa ya aina mbili, ya chuma cha kaboni na ya chuma kisichoshika kutu. Ya kaboni inanoleka upesi, lakini limao na embe bichi huiacha na weusi, na ikilala na maji inapata kutu. Kwa Dar, chagua ile isiyoshika kutu.

Mpini wa mbao nao huvimba wakati wa masika, ubapa ukawa mgumu kufunguka. Usikiloweke kwenye beseni la vyombo. Kifute, kisha kiache kivulini kikauke. Spartan unaweza kuiosha kwa maji ya uvuguvugu, ukaikausha na kutia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungio.

Vyote viwili vinolewe taratibu kwa kinoo chenye maji. Mashine ya kusagia chuma hupasha ubapa moto na kuula haraka.

Mtoto na kisu

Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Kwa kisu, mfundishe kwanza. Opinel hutengeneza namba 7 ya watoto yenye ncha ya mviringo, na hata hiyo itumike mzazi akiwa karibu.

Kanuni ni chache: keti unapokata, kata kuelekea mbali na mwili, kifunge kabla ya kusimama, na ukimpa mwenzio kikiwa wazi, mpe kwa upande wa mpini.

Mtoto akijikata, bana kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia na inua mkono juu. Damu isipokata, au kidole kikikosa hisia au kushindwa kukunjika, nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Nje ya nyumba

Kijana wa Temeke au Kinondoni akikutwa usiku na kisu mfukoni hatazamwi kama fundi, hasa baada ya hofu iliyoletwa na vikundi vya Panya Road. Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kisu kikae kwenye mkoba wa kazi pamoja na vifaa vingine, na kazi ikiisha kirudi nyumbani. Shuleni kisiende kabisa.

Ndugu akikuletea kutoka nje, akiweke kwenye begi la mizigo, kwani kwenye begi la mkononi kitachukuliwa uwanja wa ndege.

Kwa ufupi, kama kisu ni cha jikoni au cha kijana anayeanza, nunua Opinel na umzoeshe kuzungusha ile pete kila anapokifungua. Kama ni cha mtu mzima mwenye kazi ya waya na skrubu, Spartan itamlipa, mradi asiitumie kutobolea.